Dishi Lililogeuka Kisimani

Bado naikumbuka siku ile, mwanangu, tuliyozuiwa kisimani na watu waliodhani tumekuja kuwasikiliza kwa siri. Leo naisimulia nikitabasamu, lakini siku yenyewe sikudhani tutatoka salama. Umenipigia simu jana ukaniambia kazi uliyoitafuta muda mrefu umeipata, kwamba ni kambini Hagadera, na kwamba badala ya kufurahi umekosa usingizi kwa sababu huko hakuna mtu anayekujua. Nimekaa tangu alfajiri nikifikiri nikufungie nini cha njiani. Nimeona nikupe habari hii nzima, maana sijawahi kukusimulia yote.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kutibu mifugo, na nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu. Huyu mume wangu Bashir, unayemwita Adeer, yaani ami, mnene, mpole, anayesinzia mbele ya taarifa ya habari, wakati ule alikuwa mwembamba kama ufito, na mpole hakuwa hata kidogo. Alikuwa dereva hodari na alipenda magari kuliko chakula. Basi siku moja akaja nyumbani kwetu Galbet, mtaa wa Garissa, akiendesha kitu ambacho majirani wote walitoka kukitazama: gari lenye nyumba ndani yake.

Lilikuwa la wazungu wawili wazee, mume na mke, waliokuwa wakitembea dunia nalo. Walitoka Ethiopia wakapita Moyale, wakafika Garissa, na hapo mzee akaugua. Walipanda ndege kurudi kwao, gari likabaki gereji mpaka likauzwa. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki dogo la kuoshea vyombo, na friji ndogo inayotumia betri. Mimi nilipoiona ile friji moyo wangu ulirukaruka. Zipo dawa za mifugo zinazoharibika kwa joto, na joto la kwetu unalijua. Nilijiona tayari nikizunguka visima vyote na dawa zangu zikiwa baridi.

Bashir hakuitazama friji. Alitazama juu ya paa, ambako wale wazungu walikuwa wameacha dishi la televisheni. Ndani, kwenye kabati juu ya kitanda, mlikuwa na skrini, king'amuzi cheusi, na waya mwingi uliozungushwa kama utumbo. Alifurahi kama mtu aliyeokota lulu. Akaniambia, "Sahara, fikiria! Tuko katikati ya pori, jua linachoma, na sisi tumekaa tunatazama mpira."

Siku nyingi zikapita akiwa juu ya paa. Alimleta fundi, fundi akafungua hiki akafunga kile, na skrini haikuonyesha chochote ila chengachenga na ule mlio wa shhhh unaoumiza masikio. Kadi ya king'amuzi waliyoilipia wenyewe ilikuwa imekufa zamani. Na fundi yule alipoondoka alituachia tabia mpya: kila Bashir alipowasha injini, dishi lilijiinua polepole, likageuka huku na huku kama kichwa cha mtu anayemtafuta mwenzake sokoni, kisha likasimama likiangalia upande wowote lilioutaka lenyewe.

Nikamwambia alitoe. Akasema tukilitoa paa litabaki na matundu, na mvua ikija itanyesha kitandani. Nikamwambia basi akate umeme wake. Akasema ligi ikikaribia atampata fundi mwingine kutoka Nairobi. Mwanangu, ukiolewa karibuni hupendi kurudia neno mara nyingi. Nikaliacha.

Haikupita muda tukasikia mbuzi wanakufa upande wa Modogashe. Wanakohoa, wanalala, hawaamki. Nilijua ugonjwa wenyewe, na dawa nilikuwa nayo. Tukapanga safari. Mama mkwe wangu, Dahabo, ambaye mimi nilimwita Edo, akasema anakuja pia. Alisema anataka kuwasalimu watu wa upande wa baba yake. Nadhani pia hakutuamini sana sisi wawili, na siwezi kumlaumu.

Tulifika kisimani kabla ya adhuhuri. Palikuwa na watu wengi, ngamia wakisukumana kwenye birika, wanawake wakijaza madumu, na pembeni chini ya migunga mbuzi walikuwa wamelala, vichwa vyao vimenyooshwa chini. Hata kabla sijashuka nilikisikia kile kikohozi. Bashir akazima gari, akawapungia watu mkono, nao wakajibu vizuri. Kisha akaona tumesimama juani, friji itapata joto, akaliwasha tena ili asogee kivulini.

Dishi likainuka juu ya vichwa vyetu. Likageuka kushoto, likageuka kulia, kisha likasimama limewaelekea moja kwa moja wanaume waliokuwa wamekaa wakizungumza kwenye birika.

Wanaume wakainuka wote kwa pamoja. Hata watoto waliacha kurushiana maji.

Lazima ujue hali ya siku zile. Watu walikuwa wameishi na hofu kwa muda. Magari ya wageni yalikuja na kuondoka, na baada ya kuondoka mtu fulani alifuatwa na kuulizwa maneno aliyoyasema akiwa na wenzake tu. Nani aliyapeleka maneno hayo, hakuna aliyejua. Kwa hiyo lilipokuja gari la ajabu lenye kitu juu kinachogeuka kumwangalia mtu, wewe ungefikiri nini?

Kijana mmoja alifika dirishani mbio, akaingiza mkono na kuchomoa ufunguo. Nyuma yake wakaja wengine, na katikati yao mzee mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, Mzee Gedi, msimamizi wa kisima. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mnamsikilizia nani?"

Bashir akacheka. Huo ndio ulikuwa ubaya wake, akiona jambo la kipuuzi hucheka. "Adeer, walaahi, hiyo ni ya kutazama mpira tu!"

"Haye," akasema Mzee Gedi. "Tuonyeshe huo mpira."

Bashir akaingia ndani akawasha skrini kwa betri ya ndani. Chengachenga zikajaa, na ule mlio ukatoka, shhhhhh, ukasikika mpaka nje. Watu wakarudi nyuma kama walioona nyoka. Mmoja akapaza sauti, "Huyo anayenong'ona humo ndani ni nani?"

Bashir hakucheka tena. Wanaume wakalizunguka gari. Mmoja alikuwa ameokota jiwe, hakuwa amelitupa, amelishika tu akilipimapima mkononi. Nikasikia sauti ikisema gari lichomwe. Nyingine ikasema tusubirishwe mpaka wazee wa visima vingine waje. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nikakiona kile king'amuzi kwenye kabati lililo wazi. Bila kufikiri nikavua mtandio wangu wa juu nikakifunika.

Edo Dahabo alikuwa amekaa akivuta tasbihi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Toa hiyo nguo."

"Edo, wakikiona hiki..."

"Wameshakiona, Sahara. Sasa wanakuona wewe unaficha. Toa nguo, fungua mlango wote, na makabati yote."

Nikafanya hivyo, ingawa kila mlango wa kabati niliofungua nilihisi kama najivua mwenyewe mbele za watu. Yeye akashuka taratibu, maana magoti yalikuwa yakimsumbua, akawaamkia, akauliza hali za watu, za watoto, za maji, za ngamia, kama mtu aliyefika siku ya kawaida. Kwetu salamu ni ndefu, nawe ukianza kuijibu huwezi kuikata katikati. Hata yule mwenye jiwe aliitikia.

Kisha akajitaja. Akataja baba yake na babu yake na kisima walichochimba. Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Mzee Gedi akatikisa kichwa. "Baba yako nilimjua, Mungu amrehemu. Lakini baba yako hakuja hapa na kitu kama hicho."

"Kweli," akasema Edo. "Basi ingia ukiangalie."

"Mimi siingii chumba cha kulala cha watu."

Hapo mwanamke mmoja akatoka kwa wenzake. Aliitwa Nuria. Mkono wake mmoja ulikuwa na povu la mate ya mbuzi, alikuwa amemshikilia mbuzi wake akikohoa. "Mimi nitaingia," akasema. "Mimi wanaokufa ni wangu."

Akaingia. Akatazama kitanda, sinki, friji yenye dawa zangu, akagusa skrini kwa kidole kimoja. Halafu akaushika ule waya, akaufuata kwa mkono kutoka kwenye king'amuzi, nyuma ya kabati, mpaka ulipozama ndani ya ukuta wa gari. "Huu unaenda wapi?"

Bashir akafungua mdomo. "Unaenda kwenye..."

"Unajua, au unadhani?" Edo akamkatiza kutoka mlangoni.

Bashir akamtazama mama yake. Jasho lilikuwa likimchuruzika mpaka kidevuni. "Nadhani, Hooyo."

"Basi usimwambie unachodhani. Mwambie ukweli, na uuseme kwa nguvu wote wasikie."

Mwanangu, sijawahi kumwona mwanamume akipata taabu ya kutamka neno dogo vile. Alikuwa dereva hodari, ametoka Garissa na gari ambalo kila mtu alilisifia, na sasa anatakiwa kukiri kwamba hajui mbele ya vijana wa rika lake. Akaenda mlangoni. Akasema, "Sijui. Nimelinunua gari na waya huu ukiwa ndani. Sijui unaishia wapi."

Manung'uniko yakaanza. Edo akainua mkono. "Hajui, na mimi sijui. Ninyi mnataka kujua, na sisi tunataka. Tuutafute pamoja."

Kijana aliyechukua ufunguo ndiye aliyetoa kisu cha kufungulia skrubu. Yeye na Bashir wakapiga magoti bega kwa bega, wakafungua ule ubao wa ukutani. Vumbi likamwagika, na mabuu makavu ya nyigu. Ubao ulipoachia, nyuma yake mlikuwa na kisanduku cha kijivu, na juu yake taa ndogo ya kijani, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Nilimtazama mume wangu nikaona hofu yake ni ya kweli, na hofu hiyo ikaniingia mimi pia. Kwa dakika ile hata mimi nilijiuliza: wale wazungu walikuwa watu gani? Je, ikiwa ni kweli? Je, ikiwa tumekuwa tukitembea na sikio la mtu mwingine ukutani mwetu, mimi na Bashir, tukizungumza mambo yetu yote?

"Ni nini hicho?" Edo akauliza.

"Sikijui, Hooyo. Naapa sijawahi kukiona."

Ndipo Mzee Gedi akavua ndara zake mlangoni, akainama, akaingia. Akachuchumaa mbele ya kile kisanduku. "Gari ni lako," akamwambia Bashir, "na kitu hiki hukijui?"

"Sikijui. Kimekuja na gari."

Mzee akamtazama usoni, kisha akamgeukia yule kijana. "Mtu aliyetumwa angekuwa ameshatuambia jina la kitu hiki na kazi yake. Huyu amepauka kuliko sisi." Akaonyesha kwa kidole. "Kichomoe."

Bashir akashika ule waya akauvuta. Taa ya kijani ikazimika. Mzee Gedi akaagiza ufunguo urudishwe, gari liwashwe. Watu wote wakainua macho juu ya paa. Injini ikaunguruma. Dishi halikusogea hata unywele. Wakangoja. Bashir akakanyaga mafuta. Halikusogea.

Nilisikia mtu akisema "Alhamdulillah," kisha nikatambua ni mimi. Jiwe likaanguka chini, na mwenyewe akajipangusa mikono kwenye kikoi kana kwamba halikuwa lake. Nuria akanigeukia, "Haya, na mbuzi wangu?" Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, nililia kwa faraja huku natafuta bomba la sindano.

Tulifanya kazi mpaka baada ya sala ya alasiri. Wengine walinishikia mbuzi, wengine walichemsha maji. Si wote waliopona. Nuria alipoteza kadhaa, lakini wengi walisimama, na jike lake kubwa la maziwa lilikuwa limeanza kula majani kabla hatujaondoka. Juu ya paa Bashir na vijana walikuwa wakilifungua lile dishi. Kuhusu matundu, yule kijana wa ufunguo alikata vipande vya mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu, wakavipaka gundi ya kuzibia pancha, wakarudisha boliti zilezile katika matundu yaleyale na mpira ukiwa chini yake. Mvua zilipokuja hatukuona hata tone kitandani. Kazi ambayo Bashir aliiogopa tangu tuliponunua gari ilikwisha kabla chai haijapoa.

Njiani kurudi Edo alisinzia. Bashir alikuwa akitikisa kichwa peke yake, kisha anatabasamu, kisha anatikisa kichwa tena. Nilijua kuna jambo bado linamkaa moyoni. Tulipofika Garissa alikichukua kile kisanduku akampelekea fundi mmoja mzee wa redio na televisheni. Yule fundi akakigeuza mara moja tu akasema ni cha kuendeshea mota ya dishi: kinalizungusha mpaka lishike mawimbi, basi, hakina kazi nyingine. Bashir alimwachia kila kitu palepale, skrini, king'amuzi, waya na dishi lenyewe, fundi akitaka vipuri avitoe humo.

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Yeye akasema, "Lazima turudi."

"Turudi wapi?"

"Kisimani. Walitusadiki kabla ya kujua. Sasa nimejua, na wao bado hawajajua."

Tukarudi. Lilikuwa wazo lake mwenyewe, wala mama yake hakumwambia. Tulipotokea, watoto walikimbia kutupokea, na safari hii walikimbia kuja, si kuondoka. Bashir akakaa chini mbele ya Mzee Gedi akamweleza maneno ya fundi, neno kwa neno, hakupunguza wala hakujipamba. Mzee akasikiliza mpaka mwisho huku akizichana ndevu zake kwa vidole. Kisha akauliza, uso mkavu kabisa, "Na huo mpira, nani alishinda?"

Tulicheka mpaka Nuria akaja kuuliza kuna nini. Toka siku hiyo kisima kile kilikuwa kama nyumbani kwetu. Watoto wao niliwaona wakikua, na wengine leo ni walimu na wafanyabiashara, wakija mjini hulala kwangu.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana nilikuwa nikielekea hapa. Utafika Hagadera na vitu ambavyo hukuvitengeneza wewe. Utapewa gari lililotumiwa na wengine, ofisi ambayo jina lake limekutangulia, labda na ahadi ambazo mwingine alizitoa akaondoka. Watu watakapokuangalia wataona vile vitu kwanza, kabla ya kukuona wewe. Usikasirike. Kagua mapema ulichopewa, na kile usichokihitaji kitoe kabla hujakipeleka mbele za watu. Usikiache kwa sababu unaogopa tundu litakalobaki. Tundu huzibwa kwa mchana mmoja.

Mtu akikuogopa, usimcheke. Hofu yake ina historia ambayo hukuwepo ilipoanza. Akiuliza, mwonyeshe. Na akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hulijui, usitunge jibu la kujikinga, kisha ulitafute mbele ya macho yake. Ukilipata baadaye, rudi umwambie, hata kama njia ni ndefu na hata kama yeye ameshasahau. Utakuta hajasahau.

Nenda kwa amani. Mungu akukutanishe na watu wa kukuuliza kabla ya kukuhukumu, akupe subira ya kuwajibu, na akujalie kufanya kazi ambayo wenyeji watakuombea dua kwayo hata ukiwa hupo. Akuhifadhi barabarani, akupe usingizi mzuri ugenini, na akurudishe kwetu ukiwa mzima, mimi nikiwa bado hai kukupikia. Amina, mwanangu. Amina.